Mwaka Tulipoifunga Baa ya Samaki

Désiré alinipa habari kwa ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake niliisikia cherehani ikiendelea kunguruma, maana huyu bwana hajawahi kusimamisha kazi hata kwa msiba. "Yona, Mama Riziki ametutoka. Alikuwa Uvira kwa dada yake, ni moyo. Jumamosi tunakutana Bertrams, tumekodi hall. Tunataka weye ndiye useme, juu weye ndiye ulisimama naye ku ofisi siku ile." Niliusikiliza mara mbili. Kisha nikafungua kundi la WhatsApp waliloniingiza bila kuniuliza, na hapo ndipo hasira iliponipanda. Watu wanalia kwa vikaragosi. Mmoja ameandika kwamba Baa ya Samaki ndiyo ilikuwa nyumbani kwake pekee katika Johannesburg nzima, naye ninamkumbuka vizuri: alikuja mara mbili, na mara zote mbili alilalamika kwamba mafuta yamezidi. Mwingine, ambaye sasa ana ofisi yenye bendera ya upinde wa mvua mlangoni na huitwa kwenye mikutano kueleza mapambano yetu, ameweka picha amemkumbatia Mama Riziki. Siku ya picha hiyo alikuwa amelewa, amemkumbatia ili yeye mwenyewe asianguke. Na chini kabisa, Mama Mchungaji, mke wa Mchungaji Elia, ameandika: "Mungu ampokee mama yetu mpendwa." Mama yetu! Niliweka simu kifudifudi mezani, nikaenda kuchemsha chai ambayo sikuinywa.

Wanataka niseme, basi nimeamua kuandika kwanza. Ya kuzaliwa kwangu Kigoma na jinsi nilivyofika huku nayaruka. Kila mhamiaji ana hadithi yake ya basi na mipaka, na kila mmoja anadhani ya kwake ndiyo ya pekee. Nilikuwa na miaka thelathini kasoro, nina afya, nina Kiingereza kizuri, na nilijiona mtu wa maana sana.

Baa ilikuwa kwenye kona Bertrams, karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba siku ya mechi ulijua matokeo kwa mayowe ya uwanjani kabla redio haijasema. Zamani Mreno mmoja aliuza pale samaki na chipsi, pamoja na bia. Alipochoka akaenda kukaa kwa watoto wake, na Mama Riziki, aliyekuwa akimwoshea masufuria, akaichukua nyumba pamoja na kibao chake cha samaki aliyechorwa akitabasamu. Hakukibadilisha. Alisema samaki hana dini wala kabila, na kupaka rangi ni kazi ya wavivu. Kikaangio kikubwa cha chuma alikijaza barafu, bia zikakaa humo. Ukutani kulikuwa na vigae vyenye majogoo ya buluu, na ufunguo wa choo alikuwa ameufunga kwenye mwiko wa ugali ili asiondoke nao mtu, kwa hiyo ungemwona mzee wa watu, na suti yake na heshima zake, akikatiza katikati ya meza ameshika mwiko. Watu walijua pale mashoga hawasumbuliwi kwa njia ile ile waliyojua kwamba pana sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga: walifika, wakakuta. Hakukuwa na bendera wala tangazo. Alikuja siku moja mtu wa chuo kikuu na fomu zake, akitaka kumuuliza Mama kuhusu usalama wa makundi yaliyo hatarini, na Mama akamuuliza kama anakula au hali, kwa sababu meza ile ina watu wanaoingoja.

Alikuwa na sheria moja tu. Mtu akimchimba mwenzake maisha yake, anaosha vyombo. Thandeka, askari wa duka kubwa, mwenyeji wa hapa hapa, alikuwa akija na mke wake mchana wa Jumapili akiwa bado na sare za kazini, na pete yake mpya anaionyesha kila mtu mpaka tukachoka nayo. Dereva mmoja wa lori, mgeni, akawauliza kati yao mwanamume ni nani. Mama Riziki hakupaza sauti. "Papa, sinki iko pale. Sahani za leo zote." Yule bwana akacheka. Akatutazama, akaona hakuna anayecheka naye, akakunja mikono ya shati. "Sharp, baba," Thandeka akamwambia, "usisahau na sufuria." Aliosha, na wiki iliyofuata akarudi kula, maswali yake ameyameza. Nasema haya, lakini wasinifanyie Mama Riziki mtakatifu Jumamosi. Alikuwa mchoyo wa pilipili. Aliwasengenya Warundi mbele ya Désiré, akaamini kabisa kwamba watu wa Kigoma tulizaliwa tumechoka. Sisi watatu tulitoka kandokando ya ziwa moja, yeye Uvira, Désiré Bujumbura, mimi Kigoma, na tungeweza kumaliza mchana mzima tukibishana kama yule samaki aitwe mgebuka au mukeke, huku tumeshamla na miiba yake iko mezani.

Désiré alikuwa na cherehani yake kwenye chumba cha nyuma, pale Mreno alipokuwa akimenyea viazi. Mimi nilikaa juu ya gunia la vitunguu nikimtazama akishona, na yeye alipenda kuniigiza nilivyokuwa nikihubiri. Nilimpenda. Naliandika hivyo bila kulizungusha kwa sababu mwaka ule sikulisema hata mara moja, si kwake wala kwa mtu mwingine.

Nimesema kuhubiri, lakini sikuwa mhubiri. Kwenye makanisa yetu ya huku mchungaji hasimami peke yake madhabahuni. Anasimama na mkalimani, yeye anatoa sentensi kwa Kiswahili, mkalimani anaitoa kwa Kiingereza kwa ajili ya wenyeji na watoto waliozaliwa hapa. Na mkalimani mzuri hatafsiri maneno tu. Mchungaji akiruka, naye anaruka. Mchungaji akipiga goti, akikunja ngumi, akilia, naye vivyo hivyo, nyuma kidogo tu ya mwenzake. Mimi nilikuwa mkalimani wa Mchungaji Elia, na nilikuwa mzuri kuliko yeye. Alinipa chumba cha uani kwake Malvern, akanitafutia kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Jules Street, ambako kutwa nzima niliandikia watu barua za kuomba kazi, za kuomba hifadhi, za kuomba radhi. Mtu akiniuliza nawezaje kutafsiri moto wa jehanamu asubuhi kisha mchana nikala sombe na wale wanaotakiwa kuungua humo, nilikuwa na jibu tayari. Mimi ni mdomo tu, nilisema. Maneno si yangu. Nililipenda sana jibu hilo, na leo nikilikumbuka naona aibu.

Januari ya mwaka ule kanisa lilihama kutoka kwenye darasa la shule walilokuwa wakikodi, likahamia ghala la zamani la matairi, ukuta mmoja na Baa ya Samaki. Baa ilikuwa na redio moja juu ya friji. Kanisa lilikuwa na spika zinazomfikia mtu kiunoni, na Jumapili glasi zetu zilitembea zenyewe mezani. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba wateja wa Mama walinisikia nikitafsiri, na Désiré aliitikia amina kutoka upande wa pili, kwa nguvu, na waumini wakadhani ni mtu wa nyuma. Mchungaji Elia alikataza muumini yeyote kukanyaga mle au kununua kitu mle. Basi Mama Mchungaji akawa anapita mlango wa nyuma. Kila Jumapili baada ya ibada, na kitambaa chake kichwani na bakuli lake la plastiki, anachukua ndagala, yaani dagaa, za nyanya, anarudi nyumbani, na Mchungaji anazila, anamsifu mkewe kwa upishi. Mimi pia nilipita mlango ule ule, tofauti ni kwamba nilibaki. Jumapili moja ya Agosti Mama Mchungaji alimtafuta Mama Riziki jikoni akamkosa, akachungulia chumba cha nyuma, akanikuta kwenye gunia langu, mkono wangu uko juu ya goti la Désiré. Alitazama ule mkono. Akachukua ndagala zake, akaondoka. Hakusema neno, na mimi sikusema neno kuhusu ndagala, tukaendelea kusalimiana kwa jina la Bwana.

Leseni ya pombe ilikuwa bado ina jina la Mreno. Mama Riziki akaomba ya kwake, na sheria ya hapa inataka maombi yatangazwe ili jirani mwenye pingamizi aandike. Mchungaji Elia akaja dukani Jules Street mchana, nikiwa nakula kota yangu, mkate uliojazwa chipsi, nyuma ya mashine ya kopi, akaniwekea mezani karatasi alizoandika kwa mkono, nusu Kiswahili nusu Kifaransa. "Ndugu Yona, tia hii mu Kingereza kizuri. Batu ba serikali basome, batetemeke." Halafu akaongeza, akitazama nje barabarani, "Mama Pasta ananiambia weye unajuaka ile fasi." Hadi leo sijui kama alikuwa ananitisha kwa kuitaja baa au anaongea tu. Niliona chumba cha uani kinaniponyoka, na madhabahu, na kila mkono uliokuwa ukinishika Jumapili ukifutwa kwenye sketi.

Nikasoma zile karatasi. Zilikuwa takataka. Sodoma, kiberiti, wanaume wanaojipaka poda, mwisho wa dunia, na katikati kuna malalamiko kwamba wateja wa baa wanaitikia amina bila kuokoka. Barua ile ingefika ofisi ya leseni Marshalltown wakaisoma kwa kupokezana wakati wa chai, kisha ikaishia kwenye pipa. Katika nchi hii, ambako sheria inawalinda mashoga, hata yeye mwenyewe angeweza kuitwa ajieleze. Nilichotakiwa kufanya ni kuitafsiri ilivyo. Mdomo tu! Siku moja hiyo katika maisha yangu yote, jibu langu lile la kipumbavu lingemwokoa mtu. Lakini mimi sivumilii maandishi mabaya.

"Pasta, hii hawataisoma," nikamwambia. "Sheria ya hapa iko upande wao. Ukilitaja hilo tu, wanaitupa."

"Alors, tufanye namna gani?"

Nikamwambia namna ya kufanya, mdomo umejaa chipsi. Usitaje wao ni nani. Taja kelele. Taja umbali kati ya mlango wa baa na mlango wa nyumba ya ibada. Taja watoto wa shule ya Jumapili wanaopita pale, na walevi wanaokojoa ukutani, ambao hawakuwepo. Usiseme kanisa lilihamia lini, sema tu kwamba lipo. Nikaichapa palepale, na vichwa vya habari, na aya zilizopangwa, na neno la heshima mwishoni. Mchungaji aliisoma polepole midomo ikitembea. "Eeh, ndugu," akasema, "weye uko na zawadi." Nikafurahi. Nimejaribu miaka yote hii kujidanganya kwamba ilikuwa woga, na woga ulikuwepo, lakini woga ungenifanya nichape tu. Haukunituma niiboreshe. Niliiboresha kwa sababu nilitaka mtu aseme naandika vizuri, na mtu mwenyewe alikuwa bwege mmoja mwenye viatu vya ncha ambaye nilimdharau.

Nakala ya pingamizi ilimfikia Mama Riziki kwa posta. Alinikuta nimeegemea kaunta, akanipa bahasha na mkono unaonuka kitunguu. "Nisomee, mwanangu." Nikamsomea kwa Kiswahili. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie ile sehemu ya watoto. "Huyu mwenye kuandika alisoma," akasema. "Si Pasta. Pasta hawezi. Wamelipa wakili, quand même, kwa ajili ya baa yangu hii?" Alikuwa karibu ajivunie.

"Labda ni wakili," nikasema.

"Basi tutaenda nawe ku ofisi. Kingereza yangu mimi ni ya kununua nyanya."

Tulikwenda asubuhi. Mlangoni Marshalltown akina mama walikuwa wamepanga soksi na mikanda chini, na Mama Riziki alisimama kuchagua soksi, akasema hawezi kukaa mbele ya serikali vidole vikitazama nje, akazivaa palepale akinishika bega. Alikuwa na kitenge alichoshona Désiré usiku kucha. Ndani walikaa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, amechoka, lakini hakuwa na roho mbaya. Nadhani alikuwa anatafuta sababu ya kusema ndiyo. Nalisema hili ingawa linaniongezea kosa. Mkalimani wao alikuwa wa Kifaransa na hakutokea, basi mwenyekiti akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni rafiki wa familia.

Nilitafsiri vizuri. Alipoeleza kwamba redio yake iko juu ya friji na spika ziko upande wa pili, nilitafsiri. Alipoinua kidole, na mimi niliinua kidole, kwa mazoea, na mmoja wa wale watatu akatabasamu. Aliposema yeye alikuwepo miaka kabla ya kanisa, nililisema hilo pia, na mwenyekiti akaandika, akauliza kama ana karatasi, naye alikuwa hana, kwa sababu mkataba wote ulikuwa mkono wa Mreno na mkono wake. Ndipo mwenyekiti akavua miwani akauliza kwa Kiingereza, taratibu, kama kuna mtu yeyote wa upande wa kanisa, hata mmoja, anayeweza kuja kusema kwamba mahali pale ni pa heshima. Ingetosha, akasema. Angeahirisha ili mtu huyo aje.

Nikamtafsiria Mama Riziki. Uso wake ukachangamka wote. "Iko! Bibi ya Pasta mwenyewe. Kila siku ya Mungu, kanisa ikiisha, anakuja mlango wa nyuma kubeba ndagala. Anaingia hadi jikoni, anajua kila kitu. Baache bamwite. Ule ni mtu wa Mungu, hawezi kudanganya."

Hakika asingedanganya. Angeulizwa aliona nini mle ndani, na angesema, na kwanza kabisa angesema aliona gunia, na goti, na mkono wangu. Nikamgeukia mwenyekiti. Kwa sauti ile ile ya kanisani, iliyonyooka, nikasema kwa Kiingereza: "Anasema hapana. Hana shahidi."

Mwenyekiti alimtazama Mama Riziki, akanitazama mimi, labda akishangaa maneno mengi namna ile kuwa jibu fupi hivyo. Mama Riziki alikuwa anatikisa kichwa kukubali, anatabasamu, anasubiri waandike jina la Mama Mchungaji. Mwenyekiti akavaa miwani, akaandika. Tulipotoka Mama alininunulia soda. Barua ya kumkatalia ilikuja wiki chache kabla ya Krismasi, na aliponiuliza kwa nini hawakumwita yule mama, nikamwambia serikali ndivyo zilivyo, Mama, hawawasikilizi wageni. Akaniamini. Mbona asiamini? Kwa kuilaumu serikali huwezi kukosea kwa mtu yeyote wa Johannesburg. Kanisa lilichukua chumba kile, likapanga viti vya plastiki chini ya majogoo ya buluu, na kabla mwaka uliofuata haujaisha likahamia kwingine. Désiré alihamishia cherehani yake upande wa pili wa mji, akaniambia chumba kina nafasi ya wawili, na mimi nikabaki uani kwa Mchungaji. Niliendelea kumtafsiria miaka mingine mitatu.

Jumamosi nitakwenda na karatasi hizi, na nitazisoma zote, na ile ya mwisho naijua hata bila karatasi. Ilikuwa mchana wa siku ya mwisho ya baa, mvua ya mawe imetoka kupita, mlango uko wazi. Mama Riziki alikuwa amepika kila kilichobaki, sombe, bugali, ndagala, na mukeke wa kukaanga, na meza zote zilikuwa zimeunganishwa. Thandeka alikuwepo na mke wake, Désiré amekaa mkabala nami. Kabla mtu hajagusa chakula Mama akasimama na sahani mkononi. "Kuna batu walisema wananipenda," akasema, "na siku ya ofisi wakakuwa na kazi. Huyu hapa alikuja. Huyu ndiye alikuwa mdomo yangu." Akapakua sahani ya kwanza, akaweka juu yake samaki mkubwa kuliko wote, akaniletea yeye mwenyewe, na pilipili ambayo hakuwahi kumpa mtu bila kuombwa. Wakapiga makofi. Désiré alipiga zaidi ya wote. Kisha wakanyamaza wakinitazama, wakingoja niseme neno, na ukimya ulikuwa mrefu wa kutosha kusema lolote. Nikaanza kula. Nilikuwa na njaa, na samaki alikuwa mtamu. Nilipomaliza nilimnyooshea Mama sahani yangu, nikamwomba aniongezee.